Namba za maduka ni za nani? Kisa cha Google na Mocality

Mashine ya kutafuta haijui kitu ambacho hakijaandikwa popote. Tangu 1998 Google hutuma programu zisome kurasa za watu, zinakili maneno na kuyapanga kwenye faharasa. Sasa duka la hapa Ekero lisilo na tovuti litajulikanaje? Lazima mtu atembee.

Mocality ya Nairobi ilifanya hivyo: mawakala walipita mitaani wakikusanya namba za biashara, wakilipwa kwa M-Pesa. Mwishoni mwa 2011 watu wa mradi wa Google walizichukua namba hizo, wakawapigia wenye biashara wakidai wanashirikiana na Mocality. Uongo mtupu. Watunga programu wa Mocality wakamtega mgeni huyo (hapo nilicheka!): wakamwonyesha namba zao wenyewe, wakapokea simu na kuzirekodi. Januari 2012 wakaanika yote, Google ikaomba radhi. Mocality yenyewe haipo tena.