Likasi: fundi ni nani, mgeni ni nani?

Kila mara kampuni inapoleta mafundi kutoka nje, vijana wa Likasi wanauliza: na sisi je? Swali hilo si la leo. Limekua pamoja na mji wetu.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Katika viwanda vyake vya Panda na Shituru, wakati mji ukiitwa Jadotville, ufundi mkubwa ulikuwa wa Wazungu. Kazi za nguvu zilipewa watu wa hapa na wengine walioandikishwa Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini. Lakini fundi wa Ulaya alikuwa na gharama: nauli ya meli, nyumba, mshahara mnono. Bei ya shaba ilipoanguka miaka ya 1930, kampuni ilirudisha Wazungu wengi kwao, na Waafrika wakafundishwa kazi zilizokuwa za wale. Kumbe akili haikukosekana. Ilikosekana nafasi ya kujifunza.

Hata hivyo mshahara haukufuata kazi. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma, hapa kwetu na Élisabethville, wakidai nyongeza. Askari walipiga risasi, watu wakafa. Ngazi za juu zilibaki za Wazungu mpaka uhuru wa 1960.

Mwaka 1967 serikali ilichukua migodi, na kampuni ya taifa, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ikaendelea kufundisha wana wa nchi. Kisha ikaja 1992. Agosti, Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, alichaguliwa waziri mkuu, na huku Katanga, chini ya gavana Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai wakaitwa wageni. Walikuwa raia, na wengi walizaliwa hapa. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni, na wengine walifia pale. Kati yao walikuwa mafundi, makarani na walimu.

Miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka; mwaka 1993 ilitoa karibu tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi: mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, na mashine zilikuwa zimezeeka. Lakini kufukuza wenye ujuzi kulizidisha ubaya.

Leo sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mgeni awe na karte ya kazi, na serikali imeweka kipimo cha wageni ambao kampuni inaweza kuajiri. Ni vizuri, ila kipimo peke yake hakimfundishi mtu. Mwajiri aulizwe: huyu mgeni atamwachia nani ufundi wake, na lini? Swali hilo lipelekwe kwenye ofisi ya kampuni, si kwenye mlango wa jirani.