Kidonda cha sukari: utafiti unasema nini juu ya mguu usiouma

Kila wiki kwenye simu zetu hupita ujumbe wa dawa mpya ya kidonda cha sukari. Leo ni shubiri, kesho unga wa majani ya mkunazi, keshokutwa mafuta ya chupa isiyo na jina la aliyeyatengeneza. Wanaonitumia huniuliza ni ipi iliyothibitishwa. Nimeona niandike kwa urefu kidogo, kwa sababu tiba yenye ushahidi mzito kuliko hizo zote si ya kupaka.

Nianze na asali, kwa kuwa ndiyo yenye heshima kubwa kwetu. Mwaka 2015 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, ilichapisha mapitio kuhusu asali na vidonda. Ilionekana kwamba asali huponya baadhi ya majeraha ya moto upesi kuliko matibabu ya kawaida. Kwa vidonda vya miguu ya wenye kisukari, ushahidi haukutosha kusema inasaidia. Dawa za maabara nazo zimekwenda kwa kusuasua. Marekani iliidhinisha jeli ya becaplermin mwaka 1997, kisha mwaka 2008 ikawekewa onyo kuhusu saratani. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya bandeji yenye sucrose octasulfate, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 240 wa Ulaya: kwa wiki 20 vidonda vilifunga kwa asilimia 48 ya walioitumia, na asilimia 30 ya wenzao. Hiyo ni hatua ya kweli, lakini pande zote mbili zilipewa pia huduma ya kawaida ya kidonda, na ndani yake mna jambo ninalolikusudia: kuuondolea mguu uzito.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu inayofika miguuni huanza mapema. Kwanza mtu huhisi kuchomwachomwa au ganzi, halafu hahisi kitu. Mishipa hiyohiyo ndiyo inayoamrisha jasho, kwa hiyo ngozi ya mguu hukauka, ikafanya magaga, na magaga ni mlango wa vijidudu. Chini ya unyayo, pale mfupa unapobonyeza, hujengeka sugu. Sugu ile hukandamiza nyama iliyo chini yake kila hatua, mpaka kidonda kinaanzia ndani kabla hakijaonekana nje. Mwenye mguu mzima angechechemea siku ya kwanza. Huyu anaukanyagia hadi sokoni na kurudi.

Elimu hii kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye ukoma. Daktari Paul Brand, mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India, alianza kazi Vellore mwaka 1946. Watu waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaoozesha vidole. Brand aliona kuwa vingi vilipotea kwa majeraha ambayo mgonjwa hakuyahisi: sufuria ya moto, msumari kiatuni, na usiku, panya. Ndiyo, panya walikuwa wakitafuna vidole vya watu waliolala, na ikabidi wagonjwa wanaorudi makwao wapewe paka. Miaka ya 1960 alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, na huko mbinu yake ya kuufunga mguu kwa plasta kama ya mfupa uliovunjika ikahamishiwa kwa wenye kisukari. Plasta hiyo husambaza uzito mguu mzima ili kidonda kisikandamizwe.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2001 David Armstrong na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 63 waliogawanywa kwa kura. Baada ya wiki 12, vidonda vilikuwa vimepona kwa karibu asilimia 90 ya waliofungwa plasta. Waliopewa buti la kuvua na kuvaa walikuwa asilimia 65, na wa kiatu cha nusu asilimia 58. Buti lile lilikuwa zuri, tatizo ni kuvuliwa. Mwaka 2003 watafiti hao walipima nyendo za wagonjwa wakagundua kuwa buti lilikuwa mguuni kwa asilimia 28 tu ya mwendo wao wa siku. Wakalifunga buti lilelile lisivulike, na katika matokeo ya mwaka 2005 waliopona walikuwa asilimia 83, dhidi ya 52 kwa wanaoweza kulivua.

Hapo ndipo ninapowafikiria mama zetu. Mwambie mama apumzishe mguu wiki 12 na harusi ni Ijumaa, uone kama hutamkuta jikoni peku anageuza mahamri. Hana maumivu ya kumkataza. Ndiyo maana plasta isiyovulika inashinda ushauri mzuri. Suala la udhu nalo lisiwe kikwazo. Kupaka maji juu ya bandeji ni jambo ambalo masheikh wana majibu yake tangu zamani, basi aulizwe sheikh mapema. Ila plasta si ya kila mtu. Mguu wenye usaha mwingi au usiopata damu ya kutosha haufungwi hivyo, na huo ndio wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Pasipo plasta wala buti, miongozo ya kimataifa inataja spongi iliyokatwa kuzunguka kidonda, pamoja na kiatu kinachokaa sawasawa. Hilo hata zahanati zetu zinaliweza.

Na utafiti haukufanyika kwa Wazungu peke yao. Jirani zetu wa Dar es Salaam, chini ya Daktari Zulfiqarali Abbas, wamechapisha mengi. Mwaka 2002 waliripoti juu ya kidonda cha mkono cha wenye kisukari, kinachoanza kwa mkwaruzo au kuumwa na mdudu kisha kikala mkono mtu akichelewa. Mwaka 2005 wakaandika kuhusu wagonjwa waliong'atwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Sisi husema panya huuma na kupuliza. Kwa mtu huyu hana haja hata ya kupuliza. Mradi wao wa Hatua kwa Hatua, ulioelezwa kwenye jarida mwaka 2011, uliwafundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania kuchunguza miguu na kutibu mapema. Sioni kwa nini kaunti zetu za Pwani zisiwatume wauguzi wawili watatu wakajifunze kwao.

Watu wengi hapa huikwepa hospitali kwa kusema "wataukata". Mimi naona kukatwa kwingi kunatokana na kufika mguu umeshaoza, baada ya miezi ya majani na mafuta.

Kliniki hupima ganzi kwa uzi wa plastiki unaojipinda kwa uzito wa gramu 10, kipimo kilichotokana na kazi ya Carville miaka ya 1980. Nyumbani kuna njia isiyohitaji chombo, iliyochapishwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza, mwaka 2011. Mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, taratibu, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Aseme kila anapohisi. Akikosa mara mbili au zaidi kati ya hizo sita, mguu umepoteza hisia, na apelekwe kliniki hata kama hana kidonda. Ukimaliza, mtazame katikati ya vidole: pakiwa peupe na pameloa, ni fangasi. Pakaushwe vizuri kila baada ya udhu, na apewe dawa yake.