Picha za Wapolandi wa Tengeru

Msomaji, labda hujapata kusikia ya kuwa Wazungu nao walipata kuwa wakimbizi katika Afrika. Mwezi wa Februari 1940 askari wa Urusi ya Kisovyeti walianza kuwatoa Wapolandi wa mashariki majumbani mwao, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Wajerumani walipoishambulia Urusi mwaka 1941, wafungwa hao walifunguliwa, na mwaka uliofuata maelfu walivuka Bahari ya Kaspi mpaka Uajemi. Ndipo wanawake na watoto, yatima wengi kati yao, walipoletwa Tanganyika, Uganda na kwingineko. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa na watu wapatao 5,000.

Zitazame picha za Tengeru: nyumba za msonge, maua mlangoni, watoto wa komunyo ya kwanza katika nguo nyeupe. Behewa halimo, theluji haimo. Mfungwa hana kamera! Basi mjukuu aliyezaliwa Uingereza au Kanada hufungua sanduku la bibi yake, akamwona msichana anayecheka juani, akadhani bibi alikwenda matembezi. Wala haelewi kwa nini bibi huyo hawezi kuona kipande cha mkate kikitupwa. Kurudi kwao hakukuwezekana, kwa maana baada ya vita, mwaka 1945, nchi yao ya mashariki ilibaki mikononi mwa Urusi. Jonathan Durand, wa Kanada, hakuridhika na picha. Alimwuliza bibi yake, akafika Tengeru mwenyewe, akatengeneza filamu.

Naandika haya Buluo, hapa Likasi, na kwangu si mambo ya mbali. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika mji huu, ambamo wengi wao walizaliwa. Maelfu walilala stesheni wakingoja gari la moshi, na watoto walikufa pale. Mama mmoja aliyerudi anayo picha ya siku za nyuma: mumewe amevaa suti, amepakata mtoto. Kijana wake aliniuliza mtoto yule ni nani, maana yeye hamjui. Mimi katekista nilikuwa na jibu tayari mdomoni, nikalimeza. Nilimwambia amwulize mama mwenyewe, jioni, akiisha kula.

Bado hajathubutu.