Goweko, Gotra na Babu wa Mbali

Ukitoka Dar kwa Reli ya Kati, Goweko unaipita kabla ya Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake ni misafara tu, na Mhindi aliyevuma huko ni Musa Mzuri, Khoja wa Surat. Speke alifikia kwake mwaka 1861.

Sisi huwaita wote Wahindi, basi. Lakini waulize ukoo. Khoja atakwambia mababu zake walikuwa Walohana, wakasilimishwa na Pir Sadruddin. Bramini atataja gotra yake, yaani jina la rishi, mhenga wa kale: Kashyapa, Bharadvaja, Vasishtha. Majina ya katikati hana. Anaruka karne nyingi kwa neno moja!

Ni uongo, basi? Mimi naona gotra haikuwekwa kuhesabu mababu. Imewekwa kujua dada yako ni nani: wa gotra moja hawaoani. India iliondoa katazo hilo kisheria mwaka 1946, ila familia nyingi bado huulizana kabla ya posa.

Kumbe rishi halindwi na karatasi. Analindwa na harusi zilizokataliwa.