Lukemia kali: Damu inapovuja na kuganda katika mwili mmoja

Ufizi unaotoka damu kila asubuhi, pua inayochuruzika bila kugongwa, hedhi isiyokoma na vidoa vyekundu vinavyotapakaa miguuni ni dalili ambazo wengi huzipuuza. Aghalabu husemwa kuwa ni ukosefu wa vitamini, au malaria iliyokaa mwilini kwa muda mrefu. Lakini zinapomwandama mtu kwa pamoja, naye akawa na homa na uchovu usiomwachilia, huenda zikawa ishara za lukemia kali, aina ya saratani ya damu ambayo isipotibiwa huweza kuua kwa majuma au miezi michache tu.

Maradhi haya huanzia katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa ambamo chembe za damu huzaliwa. Chembe changa zisizokomaa huongezeka ovyo hadi zikaujaza uboho na kuzinyima nafasi chembe nyingine. Miongoni mwa zinazokosa nafasi ni chembe sahani, ambazo kazi yake ni kukimbilia panapotoboka mshipa na kuziba tundu. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Mgonjwa wa lukemia kali anaweza kufikishwa hospitalini akiwa na 20,000 au hata chini ya 10,000.

Hadi hapo jambo hili halina utata: chembe za kuziba zimepungua, kwa hivyo damu inavuja. Kinachowatatiza hata watu waliosoma ni kwamba mgonjwa huyo huyo, katika juma hilo hilo, anaweza kupata bonge la damu mguuni, kwenye mapafu au ndani ya ubongo. Si kweli kwamba mwenye kuvuja damu amekingika dhidi ya kuganda kwake.

Sababu ni kuwa chembe za saratani zenyewe hubeba na kumwaga kemikali zinazochochea damu kugande. Mabonge madogo mno hufanyika katika mishipa myembamba kila pembe ya mwili, na kila bonge hula akiba ya fibrinojeni, ile protini inayofuma nyuzi za kushikilia kidonda. Ni mfano wa fundi aliyemaliza saruji kwa kuziba kuta ambazo hazikuwa na ufa. Siku ukuta unapopasuka kweli, mfuko ni mtupu. Ndiyo maana kuhesabu chembe peke yake hakutoshi. Daktari hutaka pia kujua damu inachukua muda gani kuganda, fibrinojeni imebaki kiasi gani, na kama kuna masalia ya mabonge yaliyokwisha kuyeyushwa. Vipimo hivyo hurudiwa kila siku, na kwa mgonjwa aliye hatarini zaidi hurudiwa mara kadhaa kwa siku.

Hakuna aina inayodhihirisha balaa hili kama lukemia ya promielositi. Mwaka wa 1957, daktari Leif Hillestad wa Norway alieleza habari za wagonjwa watatu waliovuja damu vibaya na kufariki katika muda wa majuma machache. Katika aina hii, licha ya damu kuganda ovyo, mwili huyeyusha mabonge kwa kasi kupita kiasi, hivyo hata lile bonge lenye manufaa halidumu. Kwa miaka mingi madaktari waliiogopa kuliko lukemia nyingine zote.

Mambo yalibadilika katika hospitali ya Ruijin, jijini Shanghai, Uchina. Daktari Wang Zhenyi na wenzake walianza katikati ya miaka ya 1980 kutumia tretinoini, dawa ya kumeza iliyo jamaa ya vitamini A. Badala ya kuziua chembe changa, dawa hii huzilazimisha kukomaa. Taarifa yao ya mwaka wa 1988 ilihusu wagonjwa 24, na wote walipata nafuu kamili, karibu wote kwa dawa hiyo pekee. Baadaye madaktari wa Uchina waliuonyesha ulimwengu uwezo wa aseniki, sumu ya tangu zama za kale, katika kuitibu aina hii. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 chini ya Francesco Lo-Coco wa Italia ulibainisha kuwa wagonjwa ambao hatari yao si kubwa hutibika vyema kwa dawa hizi mbili bila tiba ya kawaida ya kemikali. Miaka miwili baadaye, asilimia 97 yao walikuwa hai bila ugonjwa kurejea.

Hivyo basi, lukemia iliyokuwa ya kuogofya kuliko zote leo ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi, ila kwa sharti moja: mgonjwa avuke majuma ya mwanzo. Wengi wanaopotea hupotea katika siku hizo za awali, hasa kwa damu kuvujia ubongoni au kwenye mapafu. Kwa sababu hiyo, miongozo ya tiba inataka tretinoini ianze pale tu daktari anapoishuku aina hii kwa kutazama damu kwa darubini, bila kungoja kipimo cha jeni ambacho huenda kikachukua siku nyingi. Endapo kipimo kitaonyesha ni aina nyingine, dawa husimamishwa na mgonjwa hajapoteza kitu. Kungoja ndiko kunakogharimu uhai.

Kinga nyingine ni kuongezewa sehemu za damu. Mgonjwa wa lukemia kali asiyevuja wala kuwa na homa kwa kawaida huongezewa chembe sahani zikishuka chini ya 10,000. Akiwa na homa au maambukizi, wengi hawangoji zishuke chini ya 20,000. Kabla ya kuchomwa sindano ya uti wa mgongo hutakiwa awe na takriban 50,000. Kwa lukemia ya promielositi kiwango ni cha juu zaidi: chembe sahani hudumishwa kati ya 30,000 na 50,000 au zaidi, na fibrinojeni isipungue miligramu 150 katika desilita moja. Fibrinojeni hurudishwa kwa kutumia krayo, sehemu ya plazma inayopatikana kwa kuigandisha kwenye barafu na kuiyeyusha polepole.

Hapa ndipo hospitali zetu nyingi hukwama. Chembe sahani hazihifadhiwi kwenye jokofu kama damu ya kawaida. Huwekwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa mfululizo, na kwa kawaida hudumu siku 5 tu. Dozi moja ya mtu mzima hupatikana kwa kuchanganya za watoaji damu wanne hadi sita, ama kutoka kwa mtoaji mmoja kwa kutumia mashine maalumu. Huduma ya kitaifa ya damu nchini Kenya iliundwa baada ya shambulio la bomu la Agosti 1998 jijini Nairobi kufichua uhaba wa damu. Lakini mgonjwa wa lukemia hahitaji damu siku ya mkasa tu. Anaihitaji kila juma kwa miezi. Ndugu na marafiki wanaojitolea wote siku moja hufanya hisani kubwa, ila wangemfaa zaidi kama wangepokezana.

Wapo wagonjwa ambao chembe zao nyeupe hupanda na kupita 100,000. Damu yao huwa nzito na kuziba mishipa ya mapafu na ubongo. Kwa hao, kuharakisha kuongeza damu nyekundu kwa kuwa mgonjwa ni mweupe machoni kunaweza kuzidisha uzito huo, na kwa kawaida daktari huanza kwa kupunguza chembe nyeupe.

Tukirejea kwenye mabonge, tiba yenyewe nayo huchangia. Asparajinesi, dawa muhimu katika lukemia kali ya limfosaiti ambayo huwapata watoto zaidi, huizuia ini kutengeneza protini za kugandisha na hata zile za kuzuia kuganda. Mizani ikiegemea upande wa kuganda, bonge linaweza kuziba mshipa unaotoa damu ubongoni. Mrija unaowekwa kwenye mshipa mkubwa wa kifua ama mkono kwa ajili ya dawa nao ni chanzo cha kawaida. Bonge hutibiwa kwa hepari, lakini dozi kamili hutolewa iwapo chembe sahani ni 50,000 au zaidi. Zikiwa kati ya 25,000 na 50,000 dozi hupunguzwa, na zikishuka zaidi ya hapo kwa kawaida husitishwa.

Nyumbani, mgonjwa asipewe aspirini, aibuprofeni wala diklofenaki, hata kama ndizo dawa zilizozoeleka pale dukani, kwa kuwa huzidhoofisha chembe sahani chache alizosalia nazo. Sindano za misuli ziepukwe, mswaki uwe laini, nyembe ziwekwe kando, na choo kigumu kisiachwe kimtese. Mwanamke ambaye hedhi yake haikomi huweza kupewa homoni ya projestini. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni havifai, maana vyaongeza hatari ya mabonge.

Maumivu makali ya kichwa, kutapika, kifafa cha ghafla, macho kufifia, kinyesi cheusi kama lami, mguu au mkono mmoja kufura, kifua kuuma au pumzi kukatika ni mambo ya kumpeleka mgonjwa hospitalini usiku huo huo. Homa nayo imo katika orodha hiyo, hata ikiwa imetulia kwa panadoli.