Zeno na shehena iliyozama

Kalundu, bandari ya Uvira, si mahali pa kumwambia mtu kwamba mali si kitu. Mchuuzi anayepakia magunia yake kwenye boti la Baraka amefunga humo karo ya watoto na madeni ya watu. Ziwa likichafuka, macho yake yanakwenda kwenye magunia kwanza.

Mchuuzi wa namna hiyo ndiye aliyeanzisha falsafa ya Wastoa. Zeno wa Citium, kisiwani Kupro, alikuwa akisafirisha rangi ya zambarau, bidhaa ya matajiri. Diogenes Laertius, mwandishi wa maisha ya wanafalsafa, anasimulia kwamba meli yake ilivunjika karibu na Piraeus, bandari ya Athene. Akapanda mjini, akaketi dukani kwa muuza vitabu, akasikia habari za Socrates. Akauliza watu kama hao wanapatikana wapi. Crates, mwanafalsafa fukara, alikuwa akipita. Muuza vitabu akamwonyesha: mfuate huyo. Kufikia mwaka 300 K.K. hivi, Zeno naye alikuwa akifundisha kwenye baraza lililoitwa Stoa, kwamba mtu mwema ana heri hata akipokonywa kila kitu.

Nasema heri kwa makusudi. Neno la Wagiriki, eudaimonia, ukilifanya furaha umelipunguza. Ndani yake mna *daimon*, mzimu, na *eu*, vizuri: ni hali ya mtu ambaye mzimu wake ni mwema. Furaha huja jioni ndagala wakipatikana, ikaondoka asubuhi. Heri hupimwa kwa maisha mazima.

Aristotle, aliyefariki 322 K.K., alikuwa amekwisha kuona vingine. Wema ndio msingi, alikubali, lakini mtu anahitaji pia marafiki, watoto na riziki ya kutosha. Mfano wake ni Priam, mfalme wa Troy, aliyefikwa na maafa uzeeni. Nani atamwita mwenye heri?

Uvira nayo inayajua maafa. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukapita katikati ya Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Mwaka 2024 ikawa zamu ya ziwa lenyewe, likaingia mitaa ya ufukweni.

Kwa habari ya rangi ya zambarau, namwamini Zeno. Lakini Diogenes anataja shehena iliyozama. Hataji mtoto aliyechukuliwa na maji. Kwa waliompoteza mtu Mulongwe, Aristotle ndiye aliyesema kweli.