Mwili na Imani Chini ya Mlima Meru

Mwenye kuitazama historia ya Wameru na Waarusha kwa jicho pevu ataona kwamba kuutunza na kuuzoeza mwili si jambo lililoletwa na wageni. Kabla msalaba haujasimamishwa katika miteremko ya Meru, kijana alitahiriwa, akaingizwa katika rika lake, akawa morani. Alizoezwa kustahimili njaa, baridi na mwendo mrefu. Mwili wake haukuwa mali yake peke yake. Ulikuwa ngao ya watu wake na mifugo yao.

Mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na mamorani huko Akeri. Kisasi cha Wadachi kilikuwa kikali. Kufikia mwaka 1900 Boma la Arusha lilikuwa limesimama, nalo lilijengwa kwa jasho la walioshindwa. Misheni ikarudi: Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Hivyo mwili uleule uliozoezwa kwa vita ukaitwa kanisani, shuleni na shambani.

Hapo pakazuka swali zito: je, Mkristo authamini mwili au audharau? Wako waliodhani kuwa mwili ni adui wa roho, na kuwa ngoma na mazoezi ya morani ni upagani mtupu. Lakini Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, tena akamfananisha mwamini na mkimbiaji anayejinyima ili apate taji. Kweli, alimwonya Timotheo kwamba faida ya mazoezi ya mwili ni ndogo ikilinganishwa na ya utauwa. Hata hivyo, faida ndogo si hasara.

Katika karne ya 19 fikira hii ilishika nguvu Uingereza kwa maandishi ya Charles Kingsley na Thomas Hughes. Chama cha Vijana wa Kikristo, YMCA, kilianzishwa London mwaka 1844; na mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891 katika chuo cha chama hicho huko Springfield, Marekani. Kwetu, wamisionari wa Kiingereza walifundisha kandanda katika shule ya Kiungani, Unguja. Lakini tusijidanganye: mkoloni naye alipenda mwili wenye nguvu, mradi uitikie kengele yake.

Wameru walitoa jibu lao. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Hawakushika mikuki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, akawasemea wenzake. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini dunia ilisikia. Ustahimilivu wa morani ulikuwa umepata silaha nyingine.

Taifa huru nalo lilitambua thamani ya mwili. Mwaka 1973 redio ilieneza kampeni ya Mtu ni Afya hadi vijijini; na mwaka 1974 Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1,500 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia.

Mjini Arusha, uwanja wa michezo una jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi na waziri aliyefariki mwaka 1964. Mwana wa Nkoaranga atokaye ibadani hukimbia hapo chini ya jina la sheikh, wala hakuna anayeona ajabu. Sisi tuliozeeka juu ya viti vya ofisi, tukipanda ngazi chache kwa kuhema, tuna la kujifunza hapo. Hekalu halifagiliwi kwa wimbo peke yake. Na afya ya Mkristo, kama nguvu ya morani wa kale, haina maana isipomfaa jirani: kumbebea mgonjwa machela, kumchotea maji mjane, kulima pamoja. Ndugu msomaji, urithi huu ni wetu, tusiuache ukalala.